Mama hakudanganya namba

Dokta alifungua daftari la Mama la vipimo vya sukari, akapitisha kidole kwenye ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili, wa tatu, afu akalifunga. Akaichukua karatasi ya maabara akaisoma tena. Akamgeukia Mama.

"Mama, hizi namba umepima kweli au umeandika tu?"

Mama yangu ni mwalimu mstaafu. Lile daftari kalipigia mistari kwa rula, tarehe kushoto, namba katikati, kulia sehemu ya maelezo ambako anaandika vitu kama "nililala vibaya" au "mafua". Peni ya bluu siku zote, nyekundu pale namba inapopita saba. Mtu anayetunga namba hajisumbui na peni mbili.

"Nimepima, mwanangu," akajibu. Hakuongeza neno.

Dokta akaandika kidonge cha jioni kiongezwe, akatupa tarehe ya kurudi, tukatoka. Kwenye bajaji mpaka Ngamiani Mama kimya. Tulipofika, wakati anavua viatu, ndo akasema: "Miaka yote hii nafundisha watoto wasidanganye, leo nimeonekana muongo."

Hiyo sentensi imenikaa wiki nyingi sasa. Nilikuwa Tanga kwa likizo tu, nikarudi Dar kazini, lakini kila nikikaa naiwaza. Manake kama Mama hakudanganya, na mi najua hakudanganya, basi kuna kitu kwenye hizi namba hakuna aliyekaa chini akatueleza.

Namba mbili, zote za kweli

Daftari lilikuwa linasoma 6.4, 6.9, 6.1, 7.2, 6.6, hivyo hivyo ukurasa mzima. Karatasi ya maabara, kile kipimo wengi tunakiita cha miezi mitatu, HbA1c, ilisoma 8.4.

Ukiziangalia haraka unaweza kusema mbona zimepishana kidogo tu, 6.6 na 8.4. Hapa ndo wengi tunapotelea, kwasababu hizo namba haziko kwenye kipimo kimoja. Ya kwenye mashine ya nyumbani ni milimoli kwa lita, ni sukari iliyopo kwenye damu dakika ile unayojitoboa. Ya maabara ni asilimia. Inasema kati ya hemoglobini yako yote, ile inayobeba hewa ndani ya seli nyekundu za damu, kiasi gani kimeshikwa na sukari. Ukiitafsiri 8.4 kwa kanuni wanayotumia wataalamu, unapata wastani wa kama 10.8 kwenye mashine ya nyumbani.

10.8! Na daftari zima halina hata 8.

Jinsi kinavyofanya kazi siyo kitu kigumu. Seli nyekundu za damu zinaishi karibu siku 120, na muda wote huo zinaogelea kwenye damu yenye sukari, na sukari ikishaganda kwenye hemoglobini haibanduki mpaka seli inakufa. Sukari ikiwa juu zaidi, inayoganda ni nyingi zaidi. Kwahiyo ukipima kiasi kilichoganda unapata picha ya miezi miwili mitatu iliyopita, ila wiki za karibuni zina uzito mkubwa kuliko za mwanzo, karibu nusu ya ile namba inatokana na mwezi wa mwisho. Aliyeigundua hemoglobini hii kwa wagonjwa wa kisukari ni daktari wa Iran, Samuel Rahbar, mwaka 1968 huko Tehran, wakati anachunguza damu za watu wengi akitafuta hemoglobini zisizo za kawaida. Hakuwa anatafuta kipimo cha sukari kabisa.

Huwezi kukidanganya kwa kufunga kula siku mbili kabla ya kliniki, na ndo maana madaktari wanakiamini kuliko daftari. Naelewa. Wapo wanaoandika namba za kutunga, kwa woga au kwa kukosa stripu, vile vijikaratasi vya kupimia vya mashine, hilo linajulikana. Ila kipimo kikipingana na daftari, kuna maswali mengine ya kuuliza kabla ya kumwambia mtu mzima kwamba anadanganya.

Mashaka yangu

Cha kwanza nilichoshuku ni mashine. Hizi mashine zina ruhusa ya kukosea, na ruhusa yenyewe imeandikwa. Kiwango cha kimataifa, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinataka majibu 95 kati ya 100 yawe ndani ya asilimia 15 ya jibu la maabara kama sukari ni 5.55 kwenda juu, na chini ya hapo yasipishane zaidi ya 0.83. Maana yake ukweli ukiwa 10.0 mashine inaweza kusoma 8.5 au 11.5 na ikahesabika ni nzima. Kwahiyo mtu anayepima saa hii 7.1, baada ya dakika moja 7.6, akaanza kupaniki sukari inapanda, hamna kitu kimepanda hapo.

Ila kosa la aina hiyo linaenda juu na linaenda chini. Haliwezi kugeuza 10.8 kuwa 6.6 kila siku.

Nikashuku stripu. Nikamuuliza Mama zinakaa wapi, kwasababu Tanga joto na unyevu vyote vipo na stripu hazipendi kimojawapo. Kabatini, akasema, kopo limefungwa, na tarehe bado. Nikashuku mikono, nikakumbuka yale machungwa ya Muheza ambayo nyumbani hayakosekani msimu wake. Hili watafiti wa Japani walilipima mwaka 2011: watu walimenya chungwa, zabibu na kiwi, wakajitoboa bila kunawa, mashine zikasoma sukari ya juu ambayo haipo. Na kufuta kwa spiriti hakukusaidia vya kutosha, kilichosaidia ni kunawa kwa maji. Lakini hiyo ingepandisha namba za Mama. Tatizo letu lilikuwa namba za chini.

Nikahamia kwenye maabara. HbA1c nayo ina mitego yake, na kwetu Afrika mitego hiyo iko karibu kuliko inavyosemwa. Kitu chochote kinachobadilisha maisha ya seli nyekundu kinabadilisha jibu. Ukiwa umeongezewa damu karibuni, jibu halifai. Upungufu wa damu wa kukosa madini ya chuma unaweza kulipandisha. Mtu mwenye selimundu (sickle cell), seli zake zinakufa mapema, jibu linashuka bila sukari kushuka, na hata aliyebeba kinasaba kimoja tu cha selimundu asiye na dalili yoyote anaweza kusoma chini kidogo ya ukweli. Mama alikuwa ameshapimwa wingi wa damu siku ile ile na uko vizuri, hajaongezewa damu, na selimundu kwetu haijawahi kuonekana.

Kaka yangu kwenye simu akasema, "Labda Mama kweli anaficha." Nikamwambia tusiongee hivyo mpaka tumeshindwa kabisa.

Halafu shangazi yetu aliyeko Marekani akaingia kwenye kundi la familia, akaona tumeandika "Mama asubuhi 7", akaandika kwa herufi kubwa akauliza kama tumeshafika hospitali! Kule wanasoma kwa miligramu, mtu mzima ana 100 au 130, akiona 7 anajua mtu hayupo tena. Inabidi uzidishe kwa 18. Saba ya kwetu ni 126 yao. Nimeiandika hapa kwasababu najua familia zenye ndugu huko wanatishana hivi hivi.

Kwanini asubuhi tu

Jibu lilikuwa kwenye daftari lenyewe na mi nilikuwa naliangalia bila kuliona. Safu ya kwanza tarehe. Ya pili namba. Ya tatu maelezo.

Hakuna safu ya saa.

Nikampigia. "Mama, unapimaga saa ngapi?"

"Nikitoka kuswali alfajiri. Kabla sijanywa hata maji."

"Siku zote?"

"Siku zote. Si ndo tulivyofundishwa?"

Ndo alivyofundishwa, kweli. Uje hujala. Kliniki nyingi za sukari zinakwenda hivyo, foleni alfajiri, watu na njaa zao kwenye benchi, unatobolewa kidole, unaandikiwa namba, ndo ukanywe chai. Kuna sababu nzuri tu, ukimpima kila mtu hajala unapata namba za kulinganisha, na stripu ni ghali, mtu akiweza moja kwa siku basi anaitumia pale alipoambiwa. Ila asubuhi hujala, sukari iliyopo ni ile ini lako imeachia usiku, na vidonge vya jioni vinaishughulikia hiyo hiyo. Chakula hakijaingia kwenye hesabu kabisa. Kumpima mtu alfajiri tu ni sawa na kwenda soko la Mgandini kabla hawajafungua, ukarudi ukasema leo soko halina watu.

Wapo ambao ni kinyume, asubuhi ndo iko juu kuliko saa yoyote, kwasababu homoni za alfajiri zinaamsha ini limwage sukari hata kama mtu hajagusa kitu. Kwahiyo sisemi asubuhi haina maana. Mfaransa mmoja, Louis Monnier, na wenzake mwaka 2003 walionyesha kwamba HbA1c ikiwa juu sana mchango mkubwa unatoka kwenye sukari ya kabla ya kula, na kadri inavyoshuka kukaribia saba, sukari ya baada ya kula ndo inabaki kuwa na sauti kubwa. Mama alikuwa ameshaidhibiti ya asubuhi kwa jitihada zake. Iliyobaki ilikuwa mchana, ambako hakuna aliyewahi kuangalia.

Mama alivyokuwa mdogo babu alikuwa na sukari, na anakumbuka ule mkojo kwenye kichupa cha kioo unaochemshwa na dawa ya bluu. Ukibaki bluu umepona siku hiyo. Ukienda kijani, njano, mpaka rangi ya tofali, shida. Wazee waliishi kwa rangi hizo na hawakuwa na kingine, ila sukari haianzi kutoka kwenye mkojo mpaka iwe imepita kama 10 kwenye damu, kwahiyo mtu angeweza kutembea na 9 kila siku na kichupa kikabaki bluu.

Hata mashine zilipokuja hazikuja kwa mgonjwa. Mwaka 1969 huko Marekani kuna mhandisi, Richard Bernstein, alikuwa na kisukari toka ana miaka 12 na mwili umeshaanza kuchakaa, akaona tangazo la mashine ya kupima sukari inayouzwa kwa madaktari na hospitali tu. Mke wake alikuwa daktari, ikabidi inunuliwe kwa jina la mke. Akaanza kujipima mara nyingi kwa siku, kabla ya kula, baada ya kula, usiku, ndo akaona sukari yake inavyopanda na kushuka na nini kinaipandisha. Madaktari hawakumsikiliza, akaenda kusomea udaktari akiwa na miaka zaidi ya arobaini. Hayo mengine aliyofundisha kuhusu chakula watu wanabishana, sitaki kuingia huko. Kinachonishika ni kwamba alitumia kifaa kile kile cha hospitali, akabadilisha saa tu za kukitumia.

Usiku wa jasho

Sasa hapa ndo pananipa hasira mpaka leo.

Kumbuka kile kidonge cha jioni kilichoongezwa. Dawa ni glibenklamaidi, inalisukuma kongosho litoe insulini hata kama hujala, na kwa watu wazima inakaa mwilini muda mrefu. Mama akaanza kumeza dozi mpya kama alivyoandikiwa.

Usiku mmoja saa tisa mdogo wangu anayekaa naye akasikia anahangaika. Kamkuta kaloa jasho, gauni limeshikana na mgongo, anatetemeka, anaongea maneno hayaeleweki vizuri. Mdogo wangu kichwa chake kikafanya kazi, hakukimbilia kusema ni malaria, akachukua mashine.

3.2.

Chini ya 3.9 ndo inahesabika sukari imeshuka, na chini ya 3.0 ni hatari kabisa. Akakoroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji nusu glasi, akamnywesha kidogo kidogo maana alikuwa bado anameza vizuri (angekuwa amezimia hupaswi kumwagia mtu kitu mdomoni, ni kukimbiza hospitali), wakasubiri dakika 15, wakapima tena, 4.6. Wakampa na kipande cha mkate. Asubuhi wakanipigia.

Yaani fikiria. Sukari yake ya usiku na alfajiri ilikuwa tayari iko sawa. Daftari lilisema hivyo, kurasa na kurasa. Lakini kwasababu halikuaminiwa, akaongezewa dawa ya kushusha palepale ambapo tayari ni chini, na mchana ambako sukari inapaa hakuna aliyepagusa.

Ndo ninaposema kutomwamini mgonjwa siyo suala la adabu tu.

Simlaumu yule dokta kama mtu, foleni ilikuwa ndefu mpaka nje na yeye ni mmoja. Lakini swali "unapima saa ngapi?" lina maneno matatu.

Masaa mawili baada ya wali

Tulipiga simu kliniki asubuhi ile, tukaambiwa arudi kwenye dozi ya zamani na aletwe tena. Kwa siku zilizobaki kabla ya kurudi nikamwomba Mama kitu kimoja. Stripu asiongeze hata moja, azihamishe. Badala ya alfajiri saba kwa wiki, apime kwa jozi: kabla ya mlo, afu masaa mawili toka tonge la kwanza. Leo chai, kesho kutwa chakula cha mchana, siku nyingine usiku. Na aongeze safu mbili, saa na alichokula.

Akachukua rula.

Jozi ya kwanza ilikuwa mchana. Kabla ya kula 7.4. Wali wa nazi, maharage ya nazi, kachumbari. Masaa mawili baadae akanitumia picha ya mashine kwenye Whatsapp, haikuwa na maelezo, namba tu: 15.3.

Nikampigia, hakupokea.

Alipokuja kupokea jioni sauti ilikuwa ya mtu aliyefiwa. "Kumbe wali," akasema. "Kumbe ni wali wangu." Mama ni mtu wa Tanga, wali wa nazi amekula toka hajajua kutembea, amewapikia waliooa na waliozika. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza wanga na asilimia, nikaacha. Tukaongea habari nyingine kabisa.

Kilichomrudisha ni ualimu wake. Siku ya pili akaniambia anataka kujua ni wali wenyewe au ni wingi wake. Akala mchicha na samaki kwanza, wali nusu ya ule wa mwanzo, akazunguka nyumba na mtaa taratibu kama robo saa baada ya kula. 10.6. Kuwa chini ya 10 masaa mawili baada ya kula ndo lengo la wengi, kwahiyo 10.6 siyo mbaya hata kidogo, na wali kala.

Baada ya hapo sikumwambia kitu tena, alikuwa anatafiti mwenyewe. Chai ya sukari na vitumbua, 14.1. Chai bila sukari, yai, kitumbua kimoja, 9.8. Muhogo wa nazi alioamini ni salama kwasababu "ni chakula cha asili", 14.7, akashangaa sana hapo. Ugali wa dona sahani ndogo na dagaa, 10.1. Uji aliokuwa anakunywa saa nne kama dawa, 13 na kitu.

Hizi ni namba za Mama. Wako, mwili wako utakupa nyingine, na ndo maana ya kupima. Hakuna karatasi ya hospitali iliyoorodhesha sahani yako.

Mama na mdogo wangu waliporudi kliniki walimkuta dokta mwingine, mdada. Alipoona safu mpya akavuta kiti. Alisoma mistari yote, akauliza kuhusu muhogo, akaondoa kile cha jioni akampangia dawa kwa namna nyingine, na akasema kwa umri wa Mama hataki kuikimbiza HbA1c yake chini ya saba kwa nguvu, anataka sukari isishuke usiku kwanza. Lengo la mtu wa miaka 30 na la bibi wa karibu 70 siyo moja. Halafu akamwambia Mama, "Hili daftari naomba niwaonyeshe wenzangu."

Mama alinipigia mwenyewe kunieleza hiyo sehemu. Mara mbili.

Namba nyekundu

Kuna jambo bado sijalimaliza moyoni. Mwanzoni, zile 15 na 14 zilipoanza kutoka, Mama hakutaka kuziandika. Alikuwa anapima, ananitumia picha, kwenye daftari anaacha wazi. Nilipomuuliza akasema, "Watasema sijitunzi."

Tunawapima watu wetu sukari kama tunavyosahihisha mtihani. Umepata ngapi leo? Mbona imepanda, umekula nini tena wewe? Manesi wanasema hivyo, watoto tunasema hivyo, hata sauti tunabadilisha. Mtu akishazoea kugombezwa na namba, atapima pale anapojua atafaulu, alfajiri hajala, afu atakuja kliniki na ukurasa mzuri. Siyo uongo huo. Ni kujikinga.

Na namba iliyopanda mara nyingi haina mkosaji. Sukari inapanda ukiwa na homa, ukiwa na kidonda, ukikosa usingizi, ukiwa na mawazo, ukimeza zile dawa za pumu za steroidi. Baada ya haya yote Mama alisoma 12 alfajiri moja kwenye msiba na alikuwa hajala kitu toka jana yake.

Sasa hivi kwenye familia tumekubaliana, picha ikitumwa kwenye kundi hakuna kuuliza umekula nini. Anayetaka kusema kitu aseme asante umepima. Kaka aliona ni mambo ya kitoto, siku hizi ndo wa kwanza kuandika.

Ramadhani ilivyoingia

Hili nalifupisha. Dokta alimwambia bora asifunge mwaka huu, kutokana na ule usiku wa 3.2. Mama akalia, akataka angalau ajaribu siku chache dawa zikishabadilishwa, wakakubaliana kwa sharti la kupima mchana. Akaniuliza kujitoboa kidole si kunavunja funga? Hakuvunji, na miongozo ya kisukari na Ramadhani imeliandika waziwazi. Ikishuka chini ya 3.9 au ikapita 16.7 unafungua saa hiyo hiyo, hata kama magharibi imebaki nusu saa. Siku moja alasiri ikasoma 3.8. Alifungua kwa tende na maji, akanipigia akiwa mtulivu kabisa. "Nimefungua," akasema, "na sijasikitika."

Kibarazani

Habari za daftari zimesambaa mtaani. Jioni nilipoenda Tanga mara ya mwisho kulikuwa na akina mama watatu kibarazani wanataka kupimwa, na Mama kashika mashine kama yuko darasani. Nilichoomba tu ni kila mtu sindano yake mpya, na ile kalamu ya kutobolea isipite kwa mwingine hata ukibadilisha sindano, kwasababu homa ya ini aina ya B inaambukizwa hivyo hivyo, tone dogo usiloliona linatosha. Wakatoka wawili kwenda duka la dawa kununua zao. Wakanawa mikono kwa sabuni, wakakausha, wakatoboa pembeni ya kidole siyo katikati ya ncha, ambako kunauma zaidi.

Jirani wa mlango wa pili, hajawahi kuambiwa ana sukari maishani mwake, akasoma 13.9. Alikuwa amekula mchana ule. Akasema anakojoa sana usiku, alidhani ni umri.

Mama hakumwambia una kisukari. Alimwambia mashine ya nyumbani haina mamlaka hayo, aende maabara, wakipata 7.0 au zaidi hajala, au miezi mitatu ikasoma 6.5 au zaidi, watarudia kuhakikisha ndo watamwambia wao. Wamepanga Jumatatu waende wote asubuhi, na Mama kamkatia karatasi kutoka kwenye daftari lake, kashapiga mistari, safu ya saa ikiwa ya pili kutoka kushoto.